Mto Uliokaa Juu ya Nchi Kavu

Kamati ya Kijiji cha Ogbaluma
14 Septemba 2000

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi,
Idara ya Misaada ya Maafa,
Serikali ya Shirikisho, Abuja.

YAH: MAFURIKO KATIKA KIJIJI CHA OGBALUMA

Mheshimiwa,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kamati ina heshima kubwa kukuarifu kwamba tarehe 9 mwezi huu Mto Niger uliacha njia yake ukaingia kijijini. Nyumba zote zimo majini. Viazi vikuu na mpunga vimezama kabla ya kuvunwa. Wanakijiji wote mia nne na kumi na wawili wamepanda kilimani kwenye shule ya msingi, yenye madarasa manne, na ndiko wanakoishi hadi sasa pamoja na mbuzi wao.

Kamati ilipeleka taarifa halmashauri. Halmashauri ikajibu kwamba jambo hili limeizidi kimo, twende jimboni. Jimbo likajibu kwamba mto ni wa Shirikisho, tuandike Abuja. Ndiyo sababu ya barua hii.

Tunaomba maji safi, dawa, mahema na boti moja ya injini. Barua inaletwa na dereva Ele wa basi la Abuja, ambaye ndiye atakayepokea majibu.

Wako mtiifu,
Omale Achimugu
Katibu


Idara ya Misaada ya Maafa, Abuja
19 Septemba 2000

Ndugu Katibu,

Barua yako ya tarehe 14 imepokelewa.

Idara inawapa pole. Hata hivyo, kwa mujibu wa utaratibu, maafa hushughulikiwa kwanza na halmashauri. Yakiishinda, jimbo huchukua nafasi. Yakilishinda jimbo, gavana huandika kuiomba Serikali ya Shirikisho. Hadi leo Idara haijapokea ombi la jimbo lenu.

Pamoja na barua hii utapata fomu ya tathmini. Fomu hiyo haijazwi nanyi; itajazwa na mtathmini atakayefika kwa gari mara ombi la jimbo litakapopokelewa. Nakala hii ni kwa taarifa yenu tu.

Tsado Kolo
Kwa niaba ya Mkurugenzi


Ogbaluma, kilimani
24 Septemba 2000

Mheshimiwa Mkurugenzi Kolo,

Barua yako imefika ikiwa kavu, na kwa hali ya hapa huo ni muujiza.

Niliisoma kwa sauti mbele ya watu wote, darasa la tatu. Nilipofika pale pa mtathmini kuja kwa gari, bibi mmoja akauliza, "Gari hilo linaogelea?" Watu wakacheka mpaka mbuzi wakashtuka. Hatukuwa tumecheka kwa wiki mbili, kwa hiyo kwa hilo ahsante.

Utaratibu wako nimeuelewa. Halmashauri iliambie jimbo, jimbo likwambie wewe. Ila mheshimiwa, maji hayakupita halmashauri. Hayakugonga hata mlango wa Gago wetu, ambaye ndiye mkuu wa kijiji na ana umri wa miaka themanini. Yalimkuta kitandani.

Nikueleze kuhusu jimbo. Ofisa wao alikuja Jumatano. Alisimama pale barabara inapoishia majini, viatu vinang'aa, nasi tukamfuata kwa mtumbwi. Aliyesema naye ni mke wangu Ajuma, muuza samaki wa kukausha, mwanamke ambaye nyumba yake imezama lakini mdomo wake hauzami. Ilikuwa hivi, na chumvi sijaongeza:

"Poleni sana, mama."

"Tumeshapoa, mwanangu. Lete maji ya kunywa."

"Mama, mambo ya mto ni ya Shirikisho."

"Na nchi kavu?"

"Nchi kavu ni ya jimbo."

"Haya. Sasa mto umekaa juu ya nchi kavu. Sisi tulio hapo katikati ni wa nani?"

Akasema hilo ni swali zuri. Akaliandika kwenye daftari, akapanda gari lake, akaenda zake.

Sasa la haraka. Kisima kimezama. Tunakunywa maji yaleyale yanayobeba vyoo vyetu. Tangu juzi watu wana homa na wanaharisha. Leo asubuhi ni kumi na mmoja. Mganga wa zahanati alikuwa mjini maji yalipoingia na hajapata njia ya kurudi. Kuna mtu mmoja hapa wa miaka arobaini na mitatu, aliyezoea kutupa gunia la mpunga begani kama kanga. Anapungua kama sabuni ndani ya maji. Kijiko hakishiki.

Ele ananiambia wewe ni Mnupe. Basi mto huu unapita kwenu kwanza. Mmenawa miguu, mkatutumia. Haya, tutumieni na kitu kingine.

Omale Achimugu
Katibu


Abuja
27 Septemba 2000

Ndugu yangu Omale,

Hii siyo barua ya ofisi, ndiyo maana haina namba.

Sisi Wanupe hatunawi miguu tu mtoni, tunaoga kabisa. Poleni kwa hilo.

Mke wangu ni muuguzi. Nilimsomea barua yako naye akaacha chakula mezani. Anasema hivi, na mfuate kama alivyosema: maji yote yachemshwe mpaka yatoe mapovu, hata ya kusukutulia. Kwa wanaoharisha, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Wanywe kidogo kidogo, mchana kutwa, hata wakikataa. Huyo mtu wa miaka arobaini na mitatu asiachwe peke yake. Pamoja na barua hii Ele atakupa kifurushi cha vidonge vya kusafishia maji. Ni vya kwetu nyumbani, havijatoka serikalini, kwa hiyo usivisainie popote.

Sasa sikiliza. Ile fomu niliyokwambia hamruhusiwi kuijaza, nimekwenda kusoma sheria yenyewe. Nimeisoma mara tatu. Inasema lazima kuwe na tathmini. Hakuna mahali inaposema mtathmini lazima atoke Abuja. Hiyo ni desturi, na desturi imetungwa na watu waliokaa kwenye viti. Ijaze wewe. Jaza kila kitu. Andika unachokiona, si unachofikiri tunataka kusikia.

Jumatano ijayo watu wa jimbo lenu wanakuja hapa kwa kikao. Fomu inifikie kabla.

Kitu kimoja kimenishangaza. Mwandiko wako wa kwanza ulisimama kama askari kwenye gwaride. Huu wa pili unakimbia. U mzima?

Tsado Kolo


Ogbaluma, kilimani
1 Oktoba 2000

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Mwandiko unakimbia kwa sababu mkono unauma. Tuendelee.

Leo nchi inatimiza miaka arobaini ya uhuru. Watoto wamepandisha bendera kwenye mlingoti wa shule, tukaimba wote. Gago alisimama kwa kuegemea mabega ya watu. Baadaye akaniuliza kwa sauti ndogo, "Hiyo ndiyo iliyofika?" Nikamwambia ndiyo, baba, mpaka sasa kitu cha Shirikisho kilichofika hapa ni hiyo bendera.

Fomu nimeijaza. Penye "aina ya barabara" nimeandika: samaki wanapita vizuri. Usikasirike, ndiyo hali halisi. Penye "majengo ya umma yaliyoathirika" nimeandika zahanati, soko, kanisa, na msikiti ambao umebaki ncha ya mnara. Penye "mahitaji ya makundi maalumu" sehemu ilikuwa ndogo, nikageuza karatasi. Kuna wajawazito saba. Unekwu, mwalimu wa darasa la kwanza, siku zake zimefika na anatembea ameshika mgongo. Kuna vipofu wawili, ndugu, ambao walijua kila kona ya kijiji kwa miguu na hapa kilimani hawajui hata mlango uko wapi. Wanaona haya kuomba kupelekwa haja. Hilo fomu yako haikuliuliza, lakini ulisema niandike ninachokiona.

Wagonjwa ni kumi na tisa. Hajafa mtu. Bado.

Mwambie mke wako sukari na chumvi vinasaidia. Wengi wao wameanza kugombana na wake zao, ndiyo dalili ya nafuu. Isipokuwa yule wa miaka arobaini na mitatu. Homa haimwachi. Jana alinitazama akaniita kwa jina la marehemu dada yake. Nimekaa naye kama mlivyosema. Nimekaa naye sana.

Mheshimiwa, mimi sijui Shirikisho linaanzia wapi na jimbo linaishia wapi. Ninachojua ni kwamba mtu akianguka barabarani, hatuulizi kwanza barabara ni ya nani.

Omale Achimugu
Katibu


Abuja
4 Oktoba 2000

Ndugu yangu,

Kikao kimekwisha sasa hivi. Ijumaa asubuhi simameni kilimani mtazame upande wa kusini. Boti tatu. Moja ina daktari.

Mengine nitakueleza. Ele anapiga honi.

Tsado


Ogbaluma, kilimani
10 Oktoba 2000

Kwa Tsado Kolo,

Leo sikuiti mheshimiwa, na utajua kwa nini.

Boti zilifika Ijumaa saa tatu asubuhi. Watoto ndio waliozisikia kwanza, wakakimbilia majini nusura wazame kwa furaha. Kulikuwa na matangi ya maji, mahema, mchele, na daktari mmoja mfupi asiyesalimia mtu. Alipita kati yetu akauliza tu, "Aliye hoi ni nani?" Nikamshika mkono nikampeleka kona ya darasa la nne.

Akampima, akasema ni homa ya matumbo, na kwamba siku tatu zaidi angekuja kuzika pamoja nasi badala ya kutibu. Akamtundikia chupa ya maji kwenye msumari wa ubao. Jumapili mgonjwa alifungua macho, akanitazama vizuri, akasema, "Ajuma, nani amechora ubao wangu?" Nikalia mpaka kitambaa changu cha kichwa kikalowa.

Ndiyo, Tsado. Jina langu ni Ajuma. Yule wa miaka arobaini na mitatu ndiye Omale Achimugu, katibu, mwalimu mkuu wa shule hii na mume wangu. Barua ya kwanza ni yake. Alianguka siku mbili kabla ya yangu ya kwanza. Majibu yenu yalikuja kwa jina la katibu, na nilijua serikali ina tabia gani: muuza samaki akiandika, inauliza katibu yuko wapi. Na muhuri ulikuwa kwenye mfuko wa suruali yake. Kwa hiyo nikawa Omale. Nilipoandika "mke wangu Ajuma" nilijisifu kidogo, naomba radhi.

Hilo ni kosa langu. Sasa lako.

Tulikuwa tumejiandaa. Akina mama walipika viazi vikuu vichache tulivyookoa, wakatwanga, na mchuzi wa bamia wenye samaki ambao sitakwambia nilimnyima nani ili kuupata. Gago alivaa kanzu yake ya sherehe, bado ina mstari wa maji kifuani. Boti zikatia nanga. Nikamwendea kiongozi wao, kijana mrefu mwenye kofia.

"Mkurugenzi Kolo yuko boti ipi?"

"Mkurugenzi nani?"

"Kolo. Tsado Kolo."

Akawageukia wenzake. "Jamani, kuna mkurugenzi anaitwa Kolo?"

Mmoja akasema, "Kolo wa masjala? Yule anayepiga mihuri kule chini?"

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nilisimama pale nimeshika bakuli kama mtu aliyeposwa akaachwa. Kisha nikawaambia, "Huyo anayepiga mihuri ndiye aliyewaleta hapa. Kaeni mle chakula chake."

Wakakaa, wakala.

Kwa hiyo nijibu. Wewe ni nani? Na ulifanyaje?

Ajuma Achimugu
muuza samaki

Nyongeza: Unekwu amejifungua ndani ya hema la Shirikisho, mtoto wa kike. Wanabishana kama hati yake ya kuzaliwa itoke jimboni au Abuja.


Abuja
14 Oktoba 2000

Shemeji Ajuma,

Usishangae. Nimemwita mumeo ndugu yangu muda wote huu, kwa hiyo wewe ni shemeji yangu na hakuna kikao kinachoweza kulibatilisha hilo.

Ni kweli. Mimi ni karani wa masjala. Nimekaa humo miaka kumi na sita. Barua zinaingia, nazipa namba, napiga muhuri, nazipeleka ghorofani. Majibu kama lile la kwanza nayatoa kwenye karatasi iliyokwisha kutungwa. Najaza jina la kijiji tu. "Kwa niaba ya Mkurugenzi" maana yake ni kwamba Mkurugenzi hajui. Uliponiita mheshimiwa nilitaka kukusahihisha. Kisha nikawaza: akijua ni karani, atakata tamaa na ataacha kuandika. Pia, shemeji, sitakudanganya tena: lilinipendeza. Nililisoma mara mbili.

Nilivyofanya ni hivi. Mkurugenzi wetu anaitwa Hajiya Binta. Ni mwanamke mkali lakini hupewa majalada yaliyokwisha kupikwa na watu wengine. Siku ya kikao kazi yangu ni kupanga majalada mezani. Juu ya jalada lake nikaweka barua yako ya tarehe 24 na fomu. Nikarudi nikasimama mlangoni.

Watu wa jimbo walikuwa wanne. Walianza kueleza kwamba ombi la gavana liko njiani, linachapwa. Hajiya hakuwa anawasikiliza. Alikuwa anasoma. Mara akacheka, peke yake. Nadhani ni pale pa samaki. Kisha akageuza karatasi, akafika kwa wale vipofu wawili, akaacha kucheka.

Akasema, "Naomba kuwauliza swali. Siyo langu, ni la mama mmoja. Mto ni wangu. Nchi kavu ni yenu. Mto umekaa juu ya nchi kavu. Watu walio katikati ni wa nani?"

Mmoja wao, mwenye viatu vya kung'aa, akainamisha uso. Nadhani alilijua swali.

Mkubwa wao akasema, "Hajiya, sheria inataka sisi tuombe kwanza."

"Basi ombeni."

"Barua inachapwa."

"Karatasi hii hapa. Kalamu unayo?"

"Lakini gavana..."

"Mpigie. Simu ile pale. Mwambie nimeketi hapa namngoja, na sitanyanyuka."

Akapiga. Ombi liliandikwa kwa mkono, mistari minne. Mtu mmoja akauliza tathmini imefanywa na nani, maana si ofisa wa Idara. Hajiya akasema, "Imefanywa na mtu anayeyanywa hayo maji. Mimi sina mtathmini bora zaidi." Akasaini.

Walipotoka akaniita. "Kolo, nani aliweka barua hii juu?"

Nikasema, "Mimi, Hajiya."

"Kwa ruhusa ya nani?"

Akanitazama kwa muda ambao ulitosha kunikumbusha karo za wanangu. Kisha akasema, "Kuanzia wiki ijayo utakuwa unazileta barua mezani kwangu wewe mwenyewe, asubuhi, kabla hawajazipika."

Basi hiyo ndiyo hadithi yangu. Mpe pole ndugu yangu Omale. Mwambie nampongeza kwa katibu wake msaidizi.

Tsado Kolo
Masjala


Ogbaluma
28 Oktoba 2000

Kwa Ndugu Tsado Kolo,
Masjala, Abuja.

YAH: BARUA ZILIZOANDIKWA KWA JINA LANGU

Ndugu,

Nimepata nafuu na nimepitia majalada ya Kamati. Nimegundua kwamba nikiwa mgonjwa nilituma barua mbili ambazo sikuziandika. Katika moja nimeandika habari za samaki kwenye fomu ya serikali. Katika nyingine nimemsifu mke wangu kwa namna ambayo, kwa miaka kumi na minane ya ndoa, sijawahi kumsifu kwa maandishi.

Nimelitafakari jambo hili kwa kina. Kamati imezithibitisha barua zote mbili kama zilivyo, na mimi nimethibitisha hasa hiyo sehemu ya sifa.

Maji yamerudi mtoni tarehe 21. Tunaondoa matope. Ahsante kwa uhai wangu.

Wako,
Omale Achimugu
Katibu


Abuja
20 Agosti 2001

Kwa Katibu na Katibu Msaidizi, Ogbaluma,

Hii ina namba, lakini nimeomba niwaandikie kwa mkono wangu.

Hajiya amepigania jambo moja mwaka mzima na mwezi uliopita limepita. Walinzi wa mto kule juu sasa wanapaswa kutuarifu maji yanapozidi alama, na sisi tunapaswa kuwaarifu ninyi moja kwa moja, kwa redio, bila kungoja ombi la mtu. Na kijiji kinaweza kujaza tathmini yake chenyewe. Fomu mpya ina sehemu kubwa ya makundi maalumu, na sehemu moja isiyo na swali, imeandikwa tu: Unachokiona.

Redio yenu Ele ataileta keshokutwa. Iwekeni kilimani. Mwaka huu mvua za juu ni kubwa. Tukisema "hameni," hameni.

Tsado


Ogbaluma, kilimani
6 Septemba 2001

Shemeji Tsado,

Mlisema hameni siku ya Alhamisi. Kulikuwa na jua kali na mto ulikuwa umelala kama mbwa aliyeshiba. Wengine wakasema Abuja imeota. Gago akawauliza, "Mwaka jana mlipolowa, mliota?" Akawa wa kwanza kupanda kilimani, na kitanda chake, na hakuna aliyebaki kubishana na mzee aliyekaa juu ya kitanda.

Siku tatu tulibeba. Jimbo lilileta malori mawili, nami sitauliza nani aliyaomba. Viazi vyote tulivichimba, hata vichanga. Omale alisimama barabarani na daftari, anaandika kila mbuzi kwa jina la mwenyewe. Mbuzi mmoja alikula ukurasa. Wale ndugu wawili vipofu tuliwahamisha siku ya kwanza kabisa, tukawafungia kamba kutoka mlangoni mwao hadi chooni na hadi kisima kipya cha hapa kilimani, na leo wao ndio wanaowaelekeza wageni.

Kila mtu amefanya la kwake: ninyi mmesema mapema, jimbo limebeba, sisi tumenyanyua miguu. Kumbe haikuwa kazi ya kugombania.

Maji yaliingia nyumbani kwangu juzi Jumanne, saa nne asubuhi. Nilikuwa kilimani namenya viazi, nikayaona yakipita mlangoni bila hodi, yakizunguka chumba hadi chumba. Hayakukuta hata kijiko.

Njoo na mkeo Jumapili, kabla hayajaondoka. Nataka muyaone yalivyokaa pale chini na aibu, kama mgeni aliyekuja bila taarifa akakuta wenyeji wamekwisha kula.

Shemeji yako,
Ajuma